Siku tisa ndani ya Kitumbua: Msasani hadi Tanga kwa upepo wa kusi

Siku ya 1, Jumamosi. Msasani – Mji Mkongwe

Saa kumi na moja alfajiri nanga imeng'oka na Kitinda bado amelala. Tulimbeba na usingizi wake kutoka nyumbani, tukamlaza kwenye kitanda cha omoni, mbele ya chombo, akaja kuamka Mbudya ikiwa nyuma yetu. Akatoa kichwa mlangoni, akatazama huku na huku, akauliza: "Nyumba imekwenda wapi?"

Kwa wasiotujua: tuko watano. Mimi, baba watoto, binti yetu wa darasa la sita, mdogo wake wa kiume wa miaka tisa ambaye humu nitamwita Wa Kati, na Kitinda wa miaka minne. Chombo chetu ni cha faiba, futi 34, mlingoti mmoja, na umri wake ni mkubwa kuliko wangu. Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Alikikuta kimekaushwa juu ya magogo, mwenyewe alisharudi kwao Ulaya, akakilipia kidogokidogo na kukitengeneza kwa miaka mitatu huku mimi nikiuliza kila mwisho wa mwezi hela imekwenda wapi. Jina lake la zamani halikutamkika. Mabaharia wa Kizungu huamini kwamba kubadili jina la chombo ni kutafuta mkosi, lakini binti yetu alikitazama kilivyo kifupi, cheupe, kinene ubavuni, akasema, "Kama kitumbua." Basi.

Ni likizo ya Juni na tunakwenda Tanga kwa kupitia Unguja na Pemba. Kusi limeshika. Kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba upepo hutoka kusini na kusini-mashariki, na mkondo wa mwambao huu nao hukimbilia kaskazini, kwa hiyo kila kitu kinakusukuma huko. Kurudi ndiko kwenye kazi. Hilo nitalisema tukifika.

Maili 35 za baharini, mwendo wa saa sita na nusu. Wa Kati alitapika mara mbili kabla hatujamaliza chai, kisha akaomba chapati. Kitinda amefungwa kamba iliyoshikizwa kwenye chuma katikati ya sitaha, kama mbuzi wa Idi. Sheria yetu haina mjadala: ukitoka nje ya mlango unavaa jaketi okozi na kamba, hata kama tumetia nanga na bahari imelala kama uji uliopoa.

Tumetia nanga mbele ya Forodhani. Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, uliokuwa ukionekana kabla ya kitu kingine chochote unapokuja kutoka baharini, haupo. Ulianguka na kipande cha jumba Desemba 2020, na jicho bado linautafuta. Tulipofika ukingoni kwa kihori cha mpira, kijana mmoja akatusaidia kushika kamba, akatutazama wote watano, akachungulia nyuma yetu. "Wenye boti wako wapi?"

"Bosi amelala," mume wangu akamjibu, akimwonyesha Kitinda begani mwake. "Akiamka anataka uji."

Swali hili tumeshalizoea.

Siku ya 2, Jumapili. Mji Mkongwe

Hatukusafiri. Tumejaza maji lita 200, na ndiyo hayo ya kunywa na kupikia hadi Mkoani. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Binti, ambaye nyumbani huacha bomba likimwagika akijitazama kwenye kioo, humu amekuwa mlinzi wa tangi na anamwandikia kila mtu vikombe vyake.

Jirani yetu nangani ni familia ya Kifaransa, baba, mama na watoto wawili, waliotoka Mayotte. Wana miaka mitatu hawajalala nchi kavu zaidi ya wiki mbili mfululizo. Watoto wao wanasoma kwa masomo yanayotumwa na taasisi ya serikali yao ya elimu kwa njia ya posta na mtandao, CNED, na mtihani husimamiwa na mama mezani huku sufuria ikiteleza. Nilimwuliza kwa nini vyombo vya kuzunguka dunia ni haba huku kwetu. Akataja maharamia, nami nikakumbuka. Oktoba 2009 mume na mke wa Kiingereza walitekwa wakitoka Shelisheli kuja Tanzania na chombo chao cha tanga, wakashikiliwa zaidi ya mwaka. Februari 2011 ikawa zamu ya familia ya Kidenmark yenye watoto watatu. Baada ya hapo wengi walikata kusini moja kwa moja: Mauritius, Réunion, Durban, kisha Rasi ya Tumaini Jema, na pwani yetu wakaiona kwenye ramani tu. Tangazo la eneo la hatari lilikuja kuondolewa 1 Januari 2023. Sasa wanarudi mmoja mmoja, kama ndege waliorushiwa jiwe.

Binti yao amebandika juu ya kitanda chake picha ya Laura Dekker, yule Mholanzi aliyemaliza kuizunguka dunia peke yake Januari 2012 akiwa na miaka 16. Binti yangu aliitazama sana. Kwenye kihori, tukirudi, akauliza, "Mama yake alimruhusu?" Nikamwambia hata mahakama ilimzuia kwanza. Akanyamaza kwa namna ambayo sikuipenda.

Magharibi tulipata shida ya kibla. Unguja na Makka zimekaribia kuwa kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini kabisa, halina ubishi. Lakini chombo kikiwa nangani wakati wa kusi, omo hutazama kusini kunakotoka upepo, kwa hiyo kibla kiko nyuma, tezini, kwenye usukani na ndoo ya vyombo. Tukasogeza ndoo. Rakaa ya pili mkondo ukageuka na Kitumbua nacho kikageuka, taratibu, na sisi juu yake. Baba watoto alimalizia akiwa ameelekea Bagamoyo. Tumekubaliana kwamba unaanza ukiwa umeelekea sawasawa, mengine ni ya mwenye bahari.

Siku ya 3, Jumatatu. Mji Mkongwe – Nungwi

Upepo mzuri nyuma ya bega, mkondo unasukuma, maili 30 bila kugusa injini. Tumeipita Tumbatu kwa nje. Kwa ndani maji ni haba na mafungu ni mengi.

Nungwi upande wa magharibi umetulia kama birika. Ufukweni, katikati ya mahoteli, bado mafundi wanaunda majahazi, na Wa Kati aligoma kuondoka. Fundi mmoja alimpa pamba ajaribu kutia kalafati, kuisindilia kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo. Akamwonyesha na debe la sifa, mafuta ya papa ya kupaka mbao zisioze. Harufu yake imeingia nasi chomboni na bado ipo. Wa Kati akauliza kama jahazi linaweza kuundwa kwa takataka, na fundi akamwambia lipo: Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki chakavu, likavishwa kandambili zilizookotwa ufukweni, likasafiri mpaka Unguja mwanzoni mwa 2019. "Ila misumari yake siijui," akasema, kwa sauti ya fundi anayemwongelea fundi mwenzake.

Siku ya 4, Jumanne. Nungwi

Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi mita 2. Tumebaki.

Somo la hesabu: kupwa na kujaa. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya maji katika mafungu 12. Saa ya kwanza hujaa fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Leo tofauti ilikuwa mita 1.8, kwa hiyo sentimita 15, 30, 45, 45, 30, 15. Wakachomeka fimbo yenye alama ufukweni na kukaa nayo. Saa ya tatu ilitoka 43. Wa Kati akataka kuirekebisha fimbo.

Usiku, watoto wamelala, nimekaa nje nikiitazama njia ya kesho. Ni katika maji haya, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, feri ya Spice Islander ilipinduka ikielekea Pemba na watu ambao hakuna aliyewahesabu walipopanda. Maiti zilizopatikana zilizidi 200, na waliopotea ni wengi zaidi. Kwetu upande wa mama hakuna nyumba ambayo haina jina la kulitaja. Sikumwambia mtu chomboni. Niliamka mara mbili kuhesabu majaketi okozi. Yalikuwa matano, kama jioni.

Siku ya 5, Jumatano. Nungwi – Mkoani

Mkondo hasa. Maili 30 hivi kuelekea kaskazini-mashariki, upepo ubavuni kulia, mawimbi yanapanda sitaha na kushukia upande wa pili. Tulikunja tanga kubwa mara mbili kabla hatujatoka, na bado Kitumbua kiliinama hadi vikombe vyote vikahama kabati. Nilipika? Sikupika. Tulikula ndizi na mayai ya kuchemsha ya jana, na Kitinda alilala saa nne nzima sakafuni, mahali pasipo pa kuangukia.

Binti alishika kana, mpini wa usukani, kwa saa mbili mfululizo. Baba yake alijifanya anasoma ramani.

Saa nane Pemba ikatokea, kijani mpaka inakera. Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani na hawakutia chumvi.

Siku ya 6, Alhamisi. Mkoani

Choo.

Choo cha chombo kama hiki ni pampu ya mkono: unavuta maji ya bahari, unasukuma, mara ishirini, huku umejishikilia ukutani. Kimeziba. Baba watoto alikifungua chote, kazi ya saa nne, na alichokitoa kwenye kilango cha mpira ni kokwa za tende, kumi na saba. Kitinda alikuwa "anapanda mitende." Watu wanaouliza maisha ya baharini yakoje huwa wanategemea nitaje machweo.

Tumejaza maji, tumenunua muhogo na nguru. Gatini: "Wenye boti…?"

Siku ya 7, Ijumaa. Mkoani – Misali – Wete

Tulisimama Misali kwa saa chache, tukalipa kiingilio, tukaogelea. Nimeogelea mahali pengi, lakini sijawahi kuona matumbawe yaliyoshiba namna ile hatua chache tu kutoka mchangani. Wazungu huja na hadithi ya hazina ya Kapteni Kidd. Wapemba wana yao: Nabii Hadhara alifika, akaomba msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala. Ndipo jina. Wavuvi walipokuwa wakipiga baruti huku, mabango hayakuwazuia sana. Masheikhe walipokaa nao na kuwasomea kwamba mwanadamu amewekwa kuwa mlinzi wa viumbe, hapo wengi wakasikiliza. Eneo limehifadhiwa tangu 1998.

Wete jioni. Mwezi umebakisha siku moja kujaa na maji yanavutana kama kamba, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, limeanza.

Siku ya 8, Jumamosi. Wete

Nimekuja Wete kwa ajili ya mtu mmoja. Mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, anakaribia miaka themanini na alikuwa nahodha wa mashua tangu akiwa kijana. Nikiwa mdogo niliwahi kumwomba anipakie. Akaniambia chombo si mahali pa mtoto wa kike, akanipa kipande cha halua ninyamaze, nikanyamaza.

Nilimkuta barazani. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu." Akanitazama miguu, peku, na kanga iliyolowa hadi magotini. "Umekuja na nini?"

"Kwa tanga, mjomba."

"Tanga la nani?"

"Langu."

Hakusema kitu. Akaingia ndani, akatoka na kofia yake, akasema twende akalione.

Alipanda sitahani bila kushika mkono wa mtu. Akagonga faiba kwa kifundo cha kidole, akaisikiliza, akakunja uso kama aliyegonga nazi koroma. Akavuta kila kamba. Kilichomshangaza ni jinsi chombo hiki kinavyobisha: unageuza omo, tanga linajipitisha lenyewe upande wa pili, umemaliza. Kwenye mashua ya foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ni shughuli ya watu, kwa sababu foromali inabidi ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na mara nyingi ni salama zaidi kugeuza kwa kupitisha upepo tezini. "Kwa hiyo mtu mmoja atosha?" akauliza. Binti akamwambia anatosha, hata yeye. Mjomba akamtazama kwa mara ya kwanza tangu apande.

Baba watoto akamfungulia simu, akamwonyesha njia ya kwenda Tanga: mstari mnyoofu kwenda magharibi, maili 36. Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

"Ukilenga Tanga utalala Shimoni. Lenga Pangani, utafika Tanga."

Shimoni iko Kenya, kaskazini ya Tanga; Pangani iko kusini yake. Tulichora kwa penseli. Mkondo katika mlango wa Pemba wakati wa kusi huweza kukimbia maili mbili, tatu kwa saa kwenda kaskazini. Chombo chetu kinakwenda tano. Binti akapiga hesabu ya pembe: ili tufike magharibi, omo lazima ielekee nyuzi 30 kusini zaidi. Tukaweka rula kutoka Wete kwa pembe hiyo. Iliangukia Pangani.

"Shimoni waijua vizuri, mjomba?" nikamwuliza.

"Usiku wa kiza," akasema, na akabadilisha mazungumzo. Kwa miaka mingi karafuu ya Pemba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, serikali, na ng'ambo, Kenya, bei ilikuwa nyingine. Sikuendelea kuuliza alikuwa anapakia nini.

Alipokuwa anashuka akasema saa kumi na nusu alfajiri maji yatakuwa yamejaa, na kwamba ana mwanawe Tanga hajamwona siku nyingi. Hakuomba. Nikamwambia nafasi ipo.

Siku ya 9, Jumapili. Wete – Tanga

Alikuja na mkoba wa ukili, mkeka, mkate wa kumimina na bildi yake, kile kipande cha risasi chenye kamba cha kupimia kina, kamba imekuwa nyeusi kwa mikono.

Tulitoka kwa mlango wa Fundo maji yakianza kupwa yakitusindikiza. Mwezi uliokwisha kujaa ulikuwa mbele yetu, unashuka, na Juni mwezi mpevu huzama kusini ya magharibi, upande wa Pangani hasa. Mjomba akaunyooshea kidole: "Taa yenu hiyo, mpaka jua litoke." Tukaufuata.

Jua lilipotoka baba watoto akampa kana binti. Nilimtazama mjomba. Alikuwa amekaa tezini, mgongo kwenye nguzo, macho kwenye tanga. Dakika nyingi zikapita. Binti alikuwa akitazama simu, anasahihisha, anatazama tena, na Kitumbua kinakwenda kama mlevi.

"Mjukuu."

"Naam babu."

"Geuza hicho kisimu. Upepo wausikia wapi?"

"Hapa." Akagusa sikio la kushoto.

"Basi uache hapo hapo. Ukiusikia shavuni, umekwenda kusini mno. Ukiusikia kisogoni, waenda Shimoni."

Alipeleka chombo hivyo kwa saa tatu. Mara mojamoja mjomba alinyoosha mkono na kulegeza kamba ya demani ya tanga la mbele kwa kiganja kimoja, bila kusema, na chombo kikanyanyuka kidogo kama mtu aliyelegezwa mkanda. Mume wangu, ambaye amesoma vitabu vitatu juu ya jambo hilo, alijifunza kwa kutazama na akajifanya hajifunzi.

Katikati ya mlango maji yana kina cha mamia ya mita na rangi yake ni ya wino. Wa Kati alimsimulia babu habari za silikanti, samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka zamani za mijusi wakubwa, na ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumtoa kwenye nyavu 2003, mpaka 2009 likaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mjomba akasikiliza hadi mwisho. "Analiwa?" Wa Kati akasema nyama yake ina mafuta mabaya, inaharisha. "Ndiyo maana amebaki," mjomba akasema.

Saa saba tukaona milima ya Usambara, halafu pwani, halafu kisiwa cha Ulenge. Simu ilipogeuzwa, ule mstari wa njia tuliyopita ulikuwa umenyooka kama rula kutoka Wete hadi Tanga, ingawa kwa saa nane omo haikuielekea Tanga hata mara moja. Kwenye mlango wa ghuba mjomba akatupa bildi. "Pima saba kasorobo." Kipimo chetu cha umeme kikasema mita 12.4. Wa Kati akazidisha kwa kidole hewani na akatikisa kichwa kwamba sawa.

Nanga Raskazone, saa nane na robo.

Sasa ile habari ya kurudi. Kutoka Tanga hadi Dar wakati huu ni bisho mtindo mmoja, upepo usoni na mkondo kifuani. Unapiga kwenda nje, unapiga kurudi ndani, na jioni unaiona minazi ile ile ya asubuhi. Shule inafunguliwa. Kwa hiyo Kitumbua kinabaki Tanga mpaka Desemba kaskazi livume, na sisi tunarudi kwa basi. Tulikuwa tumeshapanga mlinzi wa kukiangalia mara mbili kwa wiki.

Mjomba hakulipenda hilo. Chombo hakiachwi peke yake, akasema, na mlinzi wa ufukweni hulinda ufukwe. Mwanawe alikuja kumchukua kwa bajaji. Akaongea naye, wakabishana kidogo, bajaji ikaondoka na mkate wa kumimina tu. Mjomba akakunjua mkeka wake sitahani, upande wa tezi.

Tumemwachia mchele, unga, gesi mtungi mzima, na namba za simu zimebandikwa kabatini kwa herufi kubwa. Binti amemwonyesha taa, redio na pampu ya maji. Baba watoto akataka kumwonyesha choo, mara ishirini, kilango, kokwa za tende. Mjomba akachungulia, akafunga mlango. Hicho, akasema, tungeweza kuondoka nacho.